Chupa Niliyoitoa Kabla Haijapoa

Naliaka wangu,

Umeenda kuagana na wenzako wa kwaya, na mimi nimebaki hapa na mvua. Imeanza saa nane kama kawaida yake hapa Langas mwezi huu, na najua hutarudi kabla haijakatika. Kwa hivyo nina muda. Nimesukuma vyombo kando mezani na nimechukua zile karatasi zilizobaki kwenye daftari lako la kidato cha nne. Usicheke mwandiko. Unajua shule niliiachia wapi.

Sitakuandikia mambo ya sabuni na blanketi, wala ya wavulana wa chuo na maneno yao matamu. Hayo nimeyasema wiki nzima mpaka jana ukanishika mabega ukaniambia, "Mathe, nimeskia. Hata ukuta umeskia." Hili ni lingine. Hili sijalisema kwa mtu, na hata kwa Mungu nimelisema kwa kuzungukazunguka, kama mtu anayeomba msamaha bila kutaja alichofanya.

Kesho unaenda Moi's Bridge kuanza chuo, ujifunze kusindika vyakula, na utakaa kwa Kukhu. Kama ungeenda kukaa hosteli labda ningenyamaza tena. Lakini utakaa nyumba moja na mama yangu. Utamshika mkono kumpeleka choo, utamwambia kama kiatu amevaa cha kulia au cha kushoto. Huwezi kumfanyia hayo na hujui macho yake yalienda wapi.

Unakumbuka lile kofi? Najua unakumbuka, kwa sababu mwaka jana ulilitaja ukicheka, na mimi nikatoka nje nikajifanya naanua nguo. Ulikuwa na miaka minane. Ilikuwa siku ya sosi, nyanya zimejaa sokoni, na sisi wawili tumeshinda uani tangu asubuhi, tukiosha, tukichemsha, tukisaga, tukijaza chupa. Chupa zilikuwa zimechemka ndani ya pipa, moto umezimwa, na wewe ukainua mfuniko kidogo tu uone ndani. Mkono wangu ulifika usoni mwako kabla sijajua umeinuka. Ulianguka kwenye magunia. Hukulia. Uliniangalia tu kama mtu ambaye humjui, na ukauliza, "Mama, kwani kuna nini huko ndani?"

Sikukujibu. Imenichukua miaka kumi kukujibu, na jibu ni hili.

Mambo ya sosi unayajua nusu. Unajua tuliyapata kwa Sinyora, yule mama wa Kiitaliano ambaye Kukhu alimpikia kule Elgon View. Mume wake alikuwa fundi wa mashine za kiwanda, akafariki, na yeye akabaki Eldoret kwa sababu, alivyosema, kule kwao alishakuwa mgeni. Kukhu aliingia kwake kama mfuaji nguo, na mimi mgongoni. Baadaye akapewa jikoni. Tulilala nyumba ndogo ya nyuma, na mimi nilikua nikifikiri kila nyumba duniani ina siku ya sosi.

Ilikuwa siku moja kwa mwaka. Sinyora alisema bibi yake aliifanya, na mama wa bibi yake, na kwamba kule kwao ukoo mzima hukusanyika kwa kazi hiyo kama vile sisi tunavyokusanyika kwa matanga au harusi. Hapa hakuwa na ukoo. Alikuwa na sisi. Kwa hivyo siku hiyo sisi ndio tulikuwa ukoo wake. Alifunga leso kichwani, akavaa gambuti za marehemu, na Swahili yake mbovu ikijaa ua mzima: "Nyanya hii hapana mzuri, hii nalia, tupa!" Nyanya iliyopasuka yeye alisema inalia.

Na siku hiyo mama yangu alikuwa mkubwa. Nataka ujue hilo, kwa sababu wewe hukumwona. Wewe umemwona akikaa kwenye kiti cha plastiki akipapasa ukuta. Mimi nilimwona amesimama juu ya jungu na mwiko mrefu, anasikiliza. Alikuwa anasikiliza nyanya, Naliaka. Alijua kwa mlio kama maji yameisha vya kutosha. Sinyora alimletea kijiko aonje yeye kwanza, halafu akangoja uso wake. Kukhu akitikisa kichwa, moto uliendelea. Akisema "Sasa," ulitolewa. Mwaka mmoja Sinyora alimbusu paji la uso mbele ya askari wa geti akasema, "Mama yangu mimi kule Italia, iko hapa," akaonyesha kiunoni, "lakini wewe iko hapa," akainua mkono juu mpaka leso ikamwanguka. Kukhu alicheka mpaka akakaa chini. Mchana tulikula meza moja uani, spageti na sosi ya kwanza, mpishi na mwenye nyumba na mtoto wa mpishi. Siku nyingine zote za mwaka tulikula jikoni.

Kazi ya mwisho ilikuwa pipa. Unaijua, tunafanya vile vile mpaka leo: jani moja la baziliko kila chupa, kizibo kinakandamizwa kwa kile kimashine, chupa zinalazwa pipani zikitenganishwa na magunia, maji, moto. Ukishazima moto, hakuna mtu anagusa mpaka kesho yake. Chupa zinapoa ndani ya maji yake polepole, zenyewe. Kukhu alifunika gunia, halafu mfuniko, halafu jiwe juu. Na Sinyora alizunguka pipa akitunyooshea kidole: "Hapana gusa! Pipa nalala, chupa nalala, sisi nalala. Kesho." Kila mwaka. Nilikuwa nikimwigiza nyuma yake, na Kukhu akijificha uso kwa aproni.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na saba, na wewe ulikuwa tumboni miezi miwili. Hakuna aliyejua. Baba yako alikuwa anaondoka jioni hiyo kwenda Nairobi kutafuta kazi, na tulikuwa tumepanga nimuage kona ya barabara kabla hajaondoka. Nilitaka kumwambia habari yako. Nikaona siwezi kwenda mikono mitupu na habari kama hiyo. Nilikuwa mtoto, nilifikiri kama mtoto: nikimpa kitu kizuri kwanza, kitu ambacho hajawahi kuonja, atasikia hayo mengine kwa roho safi.

Saa kumi moto ulizimwa. Saa kumi na moja Sinyora alikuwa amelala na Kukhu ameenda kuoga. Nikatoa jiwe. Nikainua mfuniko, mvuke ukanipiga usoni. Nikafunga leso mkononi nikavuta chupa moja. Ilikuwa moto, huwezi kuishika. Nikaipeleka jikoni, nikaiweka chini ya mfereji, nikafungua maji baridi.

Ililia. Sauti ndogo tu, *tii*, kama ukucha kwenye glasi. Nikafunga maji nikaiangalia, nikaona mstari, mwembamba kama unywele, umeanzia shingoni umeshuka mpaka katikati. Haikuvuja; sikujua kwamba moto wa ndani bado unaisukuma. Nikasema basi, hii imeharibika, nitatoa nyingine. Niliiweka kwenye dirisha juu ya sinki. Nikarudi kwa pipa nikatoa ya pili, nikaifunga kwenye sweta hivyo hivyo na moto wake, nikafunika pipa, nikapita kwa ua wa nyuma nikikimbia. Nilifikiri nitarudi kabla ya mtu kuingia jikoni, niitupe ile ya kwanza.

Ndiyo hiyo. Sikuwa na ubaya na mtu. Nilikuwa na haraka.

Baba yako alifungua ile chupa kwa meno tukiwa tumesimama kando ya barabara. Alikuwa na nusu mkate. Akachovya, akala, akanitazama kwa huruma akasema, "Nanjala, hii haina chumvi." Na kweli haina, sosi ya chupa haiwekwi chumvi mpaka siku ya kuipika. Nilicheka. Habari yako sikumwambia. Alikuja kujua kwa barua, na unajua alivyojibu, yaani hakujibu. Simlaumu sana siku hizi. Lakini kila nikikumbuka mama yangu alilipa nini ili mvulana aonjeshwe sosi, na mvulana akasema haina chumvi, nashindwa kujua nilie au nicheke.

Niliporudi jua lilikuwa linazama. Askari wa geti akanishika mkono. "Wee, ulikuwa wapi? Mamako amekimbizwa hospitali. Chupa imemlipukia."

Nilienda jikoni peke yangu. Naliaka, nikuambie nilichoona kisha nisikirudie tena. Jikoni yote ilikuwa nyekundu. Sakafu, mlango wa kabati, pazia. Nilisimama mlangoni, sikujua ipi ni damu na ipi ni nyanya. Mpaka leo sijui. Mwaka hadi mwaka tukisaga nyanya na zikimwagika kwenye simiti, macho yangu yanaanza kuuliza lile swali, na mikono yangu inaendelea kufanya kazi ili usione.

Nilipangusa. Chini ya meza nikapata shingo ya chupa, kizibo bado kimekaza. Niliijua. Niliichukua nikaenda nayo choo cha nyuma nikaitupa shimoni. Ujue hata hilo. Ile ya kwanza ilikuwa ajali. Hii ya shimoni sikuifanya kwa haraka. Nilitembea.

Wodini alikuwa amefungwa bandeji uso mzima, mdomo tu uko nje. Alinijua kwa mwendo. Akasema, "Nanjala, usilie. Ni mimi. Nimeikuta chupa dirishani, nikadhani imeshapoa, nikaichukua tu. Lazima niliisahau nje ya pipa. Sijui niliisahauje." Nikamshika mkono. Kulikuwa na mahali pa kusema, mahali pakubwa kabisa, pamefunguka kama mlango. Nikasema, "Pole, mama."

Jicho la kulia lilienda siku ile ile. La kushoto lilibaki na ukungu, na ukungu ukazidi kila mwaka, mpaka sasa anaona mwanga na kivuli tu. Sinyora alilia kama mtoto, alimweka nyumbani kwake mpaka siku yeye aliporudi kwao Italia, na kile kimashine cha vizibo alituachia. Lakini si macho ninayotaka kukuambia. Macho peke yake labda ningeweza kuyabeba.

Mama yangu hakupika tena. Sio kwa sababu haoni. Jicho la kushoto lilikuwa bado linamtosha wakati huo. Alijaribu. Alisimama mbele ya jiko la kawaida, ugali wa kawaida, akauliza, "Nanjala, nimeweka maji?" Alikuwa ameweka. "Una hakika?" Alionja mboga halafu akaniletea kijiko, yeye, akangoja uso wangu. Yule mtu aliyesikiliza nyanya alikuwa hajiamini kama amefunga mfereji. Alisema mkono uliosahau chupa unaweza kusahau chochote, unaweza kusahau hata mtoto motoni. Ulipozaliwa alikataa kukuogesha. Ulikuwa unalia kwenye beseni na yeye amesimama ukutani mikono nyuma, anasema, "Osha wewe. Mimi siaminiki." Na mimi nilikuosha. Sikusema.

Umewahi kuniuliza kwa nini hatuendi kwa Kukhu ila kwa nadra. Nikakuambia kazi, nikakuambia barabara mbaya, mwaka mmoja nikakuachia ufikiri ni yeye mkali, alinifukuza kwa sababu ya mimba. Hakunifukuza. Alinishonea gauni la kliniki kwa jicho moja. Moi's Bridge ni karibu, ukitoka asubuhi unafika chai haijapoa, na mimi nimepafanya kuwa mbali kama ng'ambo, kwa sababu ya siku moja.

Ulikuwa na miaka mitatu, tumekaa kwenye baraza lake tukitoa mahindi kwenye magunzi. Akasema tu, bila kuacha kazi: "Nanjala, siku ile, jiwe lilikuwa chini."

Nikauliza, "Jiwe gani?"

"La pipa. Nilitoka kuoga nikaona liko chini kwenye nyasi. Nimelifikiria sana. Pipa ulifunika wewe mara ya mwisho, au ni mimi?"

Yaani alikuwa amenifungulia mlango tena. Miaka yote hiyo alikuwa na lile jiwe kichwani, analigeuza. Labda alijua. Labda alikuwa ananipa nafasi, au labda alikuwa anataka tu mtu amwambie kwamba hakuwa amepoteza akili. Punje zilikuwa zinaanguka kwenye beseni.

Nikasema, "Ni wewe, mama."

Alichukua gunzi lingine. Halafu akasema, "Basi ni mimi. Na jiwe pia nikasahau." Akaendelea na mahindi.

Kama ungeniuliza leo kosa langu ni lipi, singekuambia chupa. Ningekuambia maneno yale matatu. Chupa ilichukua macho. Yale maneno yalichukua mikono, na niliyasema nikiwa nimeshiba, nimekaa kivulini, hakuna anayenikimbiza.

Sasa unaelewa lile kofi. Uliinua mfuniko ukiwa na uso wangu ule ule wa miaka kumi na saba, na mimi nikampiga yule msichana. Shavu lilikuwa lako. Nisamehe. Ungekuwa na haki ya kulirudisha.

Na utauliza, mbona basi kila mwaka natengeneza sosi, kama inanila hivi? Mwaka juzi ulisema, "Mathe, hii sosi yako ina siri kama ya serikali, hata ukihojiwa husemi." Ulikuwa unatania, nikakupa mwiko ulambe ili unyamaze. Nimekuwa nikifikiri kwamba nikiifanya sawasawa mara moja tu, bila chupa kupasuka, bila jiwe kuanguka, bila mtu kuharakisha, ile siku itafutika. Nimefanya sawasawa miaka mingi. Haifutiki. Lakini kuna kitu kingine kilitokea ambacho sikukitafuta: wewe ulijifunza. Unainamisha kichwa juu ya jungu. Mwezi uliopita nilikuona umesimama hapa hapa, umeziba sikio moja kwa sababu ya redio ya jirani, unasikiliza nyanya. Sijawahi kukufundisha hilo. Mimi mwenyewe siwezi. Hilo ni la Kukhu tupu, limepita kwangu bila kuniaga likafika kwako. Nilitaka kupiga magoti.

Ndiyo sababu nina matumaini, mwanangu, hata kama barua hii ina giza. Kitu nilichodhani nimekivunja, nusu yake iko nzima.

Nilipoanza kuandika nilikuwa na mpango. Nilitaka kukuomba umsomee Kukhu barua hii, kwa sababu yeye hawezi kusoma, na una sauti nzuri, na ungemsomea polepole jioni mkiwa mmetulia. Nimeandika hata mstari huo. Utauona hapo juu nimeukata kwa kalamu mara tatu. Nilipousoma nikajiona nikiiweka chupa nyingine dirishani na kukimbia, nikitumaini kwamba atakayeingia jikoni ni mtu mwingine. Safari hii huyo mtu ungekuwa wewe.

Hapana. Wewe beba vitabu vyako.

Nimemtumia ujumbe yule mama tunayeuza naye sokoni kwamba kesho asinitegemee. Nimetoa gauni langu la kanisa nikalitundika. Mvua inapungua sasa, nasikia watu wameanza kutembea njiani, utaingia wakati wowote na viatu vyenye matope. Barua hii nitakupa ukishakula. Ukiisoma, unaweza kunikasirikia hata usiongee na mimi. Tutasafiri hivyo hivyo, umenyamaza upande wako na mimi wangu. Sitakuomba unihurumie. Sijui mama atafanya nini. Anaweza kuniambia nitoke kwake nisirudi, na atakuwa na haki, na wewe utabaki naye kwa sababu chuo ni chako na nyumba ni ya nyanya yako, haya hayakuhusu. Anaweza kunyamaza, hilo ndilo naogopa zaidi. Lakini kabla hajafanya lolote atakuwa amejua kwamba mkono wake haukusahau kitu. Hata siku moja. Kila chupa aliyoigusa aliiweka mahali pake, na jiwe alilipandisha juu kama inavyotakiwa. Nataka alale kesho akijua hivyo, hata kama atalala akinichukia.

Sijamwambia kwamba nakuja. Anakungoja wewe peke yako. Tukiingia kwa geti atakuwa kwenye kile kiti chake, na kwa vile masikio yake hayajazeeka atasikia miguu ya watu wawili. Ataita, "Naliaka, umekuja na nani?"

Usimjibu. Niachie mimi.

Mama yako,
Nanjala